Jinsi ya Kubuni na Kuuza Hereni za Vito vya Rangi Ukiwa Kigoma

Mafundi wengi wanaoanza kazi ya hereni hununua kwanza plaizi, waya na vipete vya kuunganishia, kisha ndipo wanapojiuliza wataweka jiwe gani. Kwa hereni za vito vya rangi utaratibu huo unafaa kugeuzwa, kwa sababu waya unaweza kunyooshwa na kukunjwa upya, lakini jiwe lililonunuliwa bila kufikiriwa halibadiliki rangi wala uzito. Zaidi ya hapo, jiwe la hereni haliji peke yake kama la pete. Ni lazima liwe na mwenzake, na kumpata huyo mwenzake ndiyo kazi yenyewe. Mwongozo huu ni wa mbunifu anayejitegemea, anayefanya kazi nyumbani au katika chumba cha duka huko Mwanga, Gungu au Ujiji mjini Kigoma, mbali na Arusha ambako biashara ya vito ina wenyewe. Nimeeleza kwa kirefu yale yanayoamua kazi itakuwaje, na nimepita haraka kwenye yale ambayo mikono hujifunza yenyewe ikizoea.

Kuchagua mawe

Nchi yetu ina rangi nyingi kuliko mbunifu mmoja anavyoweza kuzitumia katika maisha yake. Tanzanaiti ya buluu na zambarau, iliyogunduliwa mwaka 1967, hutoka Mirerani tu, na hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa. Spineli nyekundu na ya waridi hutoka Mahenge, yakuti za rangi mbalimbali hutoka Tunduru na bonde la Umba, ambako pia kuna ganeti za aina nyingi, na Haneti mkoani Dodoma hutoa jiwe la kijani cha tufaha liitwalo krisopresi. Longido kuna jiwe la kijani lenye mabaka ya rubi ndani yake, ambalo si ghali kama rubi safi na hukatwa katika vipande vikubwa, kwa hiyo humfaa mtu anayetaka hereni inayoonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi wa harusi. Mawe hayo yote hutoka mbali na Ziwa Tanganyika, na ndiyo maana mbunifu wa Kigoma hawezi kwenda dukani kila wiki kuchagua jiwe moja. Ananunua kwa mafungu, na anapaswa kujua anachokitaka kabla ya kutoa fedha.

Ugumu wa jiwe ni jambo la kwanza la kuuliza. Katika ngazi ya ugumu iliyopangwa na mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, ambayo almasi imepewa 10, yakuti na rubi ni 9, spineli ni 8, amethisti, lile jiwe la zambarau, ni 7, ganeti huwa kati ya 6.5 na 7.5, tanzanaiti kati ya 6 na 7, na jiwe la mwezi takriban 6. Namba 7 ndiyo ya kukumbuka, kwa kuwa vumbi la barabarani huwa na chembe za mchanga wenye ugumu huo, na jiwe lililo laini kuliko hapo litapoteza mng'ao polepole kila linapofutwa na kitambaa chenye vumbi. Hata hivyo hereni ni rehema kwa mawe laini. Pete hugongwa kwenye sufuria, mlango na bomba, lakini hereni hukaa juu bila kuguswa na kitu, na ndiyo maana tanzanaiti, ambayo hupasuka kirahisi katika uelekeo mmoja wa fuwele yake, huishi muda mrefu sikioni kuliko kidoleni. Mteja akikuomba tanzanaiti ya pete ya kuvaa kila siku, mshauri avae hereni, nawe utakuwa umemtendea haki.

Jambo la pili ni uzito, na hapa wabunifu wengi huteleza kwa sababu hupima ukubwa kwa macho na kusahau kwamba mawe ya ukubwa mmoja hayana uzito mmoja. Ushanga wa duara wenye kipenyo cha milimita 10 ukiwa wa amethisti una takriban gramu 1.4, lakini ukiwa wa rodolaiti, yaani ganeti ya wekundu wenye zambarau, unakaribia gramu 2, na wa yakuti huzidi hapo kidogo. Ukiongeza kipenyo hadi milimita 12, ushanga uleule wa rodolaiti unafika takriban gramu 3.5, kwa kuwa uzito wa duara hukua haraka kuliko upana wake. Kwa maoni yangu hereni moja ya kuvaliwa kutwa nzima isizidi gramu 5 pamoja na waya wake. Ya sherehe inaweza kufika gramu 8 kama mvaaji ana ndewe imara na ataivua usiku. Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu kabla ya kununua chombo kingine chochote. Ukitaka umbo kubwa la rangi nzito, tumia jiwe bapa au tone jembamba badala ya duara, maana macho huona upana wa mbele na si unene wa nyuma.

Kwa anayeanza ningependekeza rodolaiti na amethisti. Zote mbili zina rangi iliyoshiba, bei yake hubebeka, na kosa la kuzifunga halitakula mtaji wote. Tanzanaiti na spineli zingoje mpaka umeuza jozi za kutosha kujua wateja wako ni akina nani.

Kununua bila kupigwa changa la macho

Biashara ya madini nchini inaendeshwa kwa leseni chini ya Tume ya Madini, na mtu asiye na leseni hapaswi kununua mawe ghafi kwa mchimbaji wala kwa mpita njia anayefungua karatasi mfukoni. Mbunifu wa hereni hana haja ya mawe ghafi. Nunua mawe yaliyokwisha kukatwa kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti inayotaja aina ya jiwe na uzito wake kwa karati, ukikumbuka kwamba karati 1 ni gramu 0.2, kisha itunze risiti hiyo hata baada ya jiwe kuuzwa. Pale ambapo hujui kama biashara yako inahitaji kibali chochote, au mteja mgeni anataka kusafiri na hereni nje ya nchi, uliza ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa mapema, na si siku ya safari.

Udanganyifu wa kawaida si mgumu kuutambua ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10. Kioo kilichotiwa rangi mara nyingi huonyesha viputo vya hewa ndani yake, na kingo za nyuso zake huwa zimelika mapema. Tanzanaiti ya kweli ukiizungusha polepole mbele ya mwanga hubadilika kutoka buluu kwenda zambarau, ilhali kioo cha buluu hubaki rangi moja kila upande. Rubi na spineli zilizotengenezwa kiwandani zimekuwepo sokoni kwa zaidi ya miaka mia moja, na hizo ni ngumu kuzitambua kwa lenzi peke yake. Kwa jiwe la bei kubwa tafuta cheti cha maabara au ushauri wa Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha, ambacho pia hufundisha ukataji wa vito. Kuhusu mawe ya asili yaliyoboreshwa, elewa kwamba kuchoma jiwe ili rangi ikolee si wizi. Karibu tanzanaiti zote huchimbwa zikiwa na rangi ya kahawia, kisha huchomwa hadi takriban nyuzi 500 au 600 za Selsiasi ndipo zikawa za buluu. Wizi ni kulificha jambo hilo, au kuuza rubi iliyojazwa kioo chenye madini ya risasi kwenye nyufa zake kana kwamba ni rubi nzima.

Kuoanisha

Hapa ndipo ujuzi wa mbunifu wa hereni unapopimwa, na hakuna mashine itakayokusaidia. Mawe mawili yanapaswa kulingana katika rangi, kiwango cha giza, ukubwa, umbo na uwazi, na yakitofautiana katika moja kati ya hayo mtu anayemtazama mvaaji usoni ataliona hilo kabla hajajua anachokiona.

Anza na mwanga. Vitabu vya vito vilivyoandikwa Ulaya hushauri jiwe litazamwe karibu na dirisha la kaskazini, kwa sababu kule jua halifiki upande huo moja kwa moja. Ushauri huo hauna maana Kigoma. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini na mwezi Desemba hupita upande wa kusini, na dirisha lililokuwa na kivuli wakati wa kiangazi huwa na jua kali wakati wa mvua za mwisho wa mwaka. Hamisha meza kufuatana na majira, na utafute kivuli chenye mwanga wa anga, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Usioanishe mawe jioni, hata kama ndio muda pekee wenye utulivu nyumbani. Jua linapoelekea kuzama nyuma ya milima ya Kongo mwanga wake huwa wa njano na mwekundu, na mwanga huo hupendezesha spineli na rodolaiti kupita kiasi huku ukiivuta tanzanaiti kwenye zambarau, hivyo jozi uliyoiona kamili jioni itakushangaza asubuhi.

Mwaga fungu la mawe kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Usitafute jozi mara moja. Kwanza yapange yote kwa mstari kutoka jeusi zaidi hadi jepesi zaidi, ukikaza macho nusu ili usione rangi bali giza tu. Kisha ndani ya kila kikundi cha giza linalokaribiana tenganisha rangi, kwa mfano rodolaiti zinazoelekea zambarau upande mmoja na zinazoelekea wekundu upande wa pili. Sababu ya kuanza na giza ni kwamba jicho husamehe tofauti ndogo ya rangi, lakini halisamehe jiwe moja likiwa na giza kuliko jingine, hasa mawe hayo yakitenganishwa na uso mzima wa mtu. Baada ya hapo pima kwa kalipa, kile chombo cha kupimia upana wa vitu vidogo. Tofauti ya milimita 0.2 kwa jiwe la milimita 8 haionekani. Ikifika milimita 0.5 inaonekana, na fundi makini huliona hilo hata bila kipimo.

Tanzanaiti inahitaji uangalifu zaidi ya huo. Kwa kuwa rangi yake hubadilika kufuatana na upande unaoitazama, mawe mawili yaliyotoka katika kipande kimoja cha ghafi yanaweza kuwa moja la buluu na jingine la zambarau, kwa sababu tu mkataji aliyageuza tofauti. Yatazame kutoka mbele, jinsi yatakavyoning'inia, na si kutoka ubavuni. Mawe yanayobadili rangi kwa taa, kama aleksandraiti, ambayo ni ya kijani mchana na nyekundu chini ya balbu ya zamani, nayo yanapaswa kuoanishwa mara mbili: mara moja nje na mara moja chini ya taa ya sebuleni.

Ukishapata jozi, jitahidi kupata na jiwe la tatu. Jiwe hilo lifungwe katika kimfuko pamoja na karatasi yenye namba ya jozi, vipimo vyake na tarehe ya kuuza, na liwekwe akiba. Mteja mwenye hereni moja iliyopotea ni mteja mwenye huzuni, na mbunifu anayeweza kumtengenezea ya pili inayofanana kabisa hatasahaulika. Gharama ya jiwe hilo iingie katika bei tangu mwanzo.

Mawe yanayobaki bila wenza yasikukere. Unaweza kuyatengenezea kidani, au kubuni hereni zisizofanana kwa makusudi, kwa mfano amethisti upande mmoja na akwamarini, jiwe la buluu hafifu, upande wa pili. Hizo hupendeza tu pale ambapo kitu kimoja kimebadilika na vingine vyote vimebaki: umbo lilelile, ukubwa uleule, waya uleule, rangi tu ndiyo tofauti. Vikibadilika viwili, watu hudhani mvaaji amekosea kuvaa.

Rangi na mvaaji

Mwanamke wa Kigoma anayekwenda harusini huwa amevaa kitenge, mara nyingi chenye maua makubwa na rangi tatu au nne zinazogombana. Kishawishi cha mbunifu ni kulinganisha hereni na rangi kuu ya kitambaa, na matokeo yake ni hereni kumezwa na kitenge. Tafuta rangi iliyo ndogo zaidi katika kitambaa hicho, ile ya mstari mwembamba au kiini cha ua, na hiyo ndiyo uiweke sikioni. Kitenge cha njano na buluu chenye mishipa myembamba ya waridi hukaa vizuri sana na spineli au rodolaiti. Mteja anapoagiza, mwombe alete kipande cha kitambaa chenyewe, kwa kuwa picha ya simu hubadilisha rangi.

Ngozi nyeusi huibeba vema rangi iliyoshiba. Mawe mepesi kama akwamarini na jiwe la mwezi nayo hung'aa juu yake, ila yakiwa madogo hupotea, kwa hiyo yape ukubwa au yawekee chuma cha nyuma cha kurudisha mwanga. Ujiji wateja wengi huvaa mtandio, na hereni ndefu yenye kulabu itanasa kwenye kitambaa na kuvuta sikio. Kwao buni vipuli vinavyokaa kwenye ndewe, au hereni fupi zisizozidi sentimita 2 zenye kishikizo cha nyuma, na uzitengeneze kwa uzuri uleule, kwa kuwa huvuliwa mtandio nyumbani na kwenye sherehe za wanawake, ambako macho ni makali kuliko barabarani.

Kufunga

Kwa kazi hii unahitaji plaizi ya midomo ya duara, plaizi ya midomo bapa, kikata waya kinachoacha ncha iliyosawazika, tupa laini, msasa na nyundo ndogo. Chuma kinachogusa sikio ndicho cha kutumia fedha zaidi. Chuma chenye nikeli huwasha na kuvimbisha masikio ya watu wengi, na kulabu nyingi za bei ya chini zina nikeli chini ya rangi ya dhahabu iliyopakwa juu. Tumia fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha halisi na iliyobaki mara nyingi ikiwa shaba nyekundu, au titani kwa wale ambao hata fedha huwasumbua. Shaba inafaa kwa mapambo ya chini ya kulabu, isipite kwenye tundu la sikio.

Kulabu hutengenezwa zikiwa mbili kwa wakati mmoja. Kata nyaya mbili za unene wa milimita 0.8, kila moja sentimita 5, uzishike pamoja na kuhakikisha zimelingana kabla hujakunja chochote. Kunja kitanzi kidogo mwishoni mwa kila waya kwa ncha ya plaizi ya duara, kisha zizungushe zote mbili juu ya kitu kimoja cha mviringo chenye upana wa takriban milimita 10, kama mwili wa kalamu nene, na uupinde mkia kidogo kwenda nje. Ncha inayoingia sikioni isuguliwe kwa tupa na msasa mpaka iwe duara. Ipitishe juu ya kitambaa cha hariri, na ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye msasa. Mwishowe gonga sehemu iliyopinda kwa nyundo, kwa upole, ili waya ukakamae usifunguke, ukiacha bila kugonga ile sehemu inayopita ndani ya tundu.

Ushanga uliotobolewa katikati hufungwa kwa pini yenye kichwa. Pitisha pini, acha shingo ya milimita 2 juu ya jiwe, kunja waya kwa pembe mraba, zungusha kitanzi kwenye plaizi ya duara, tia kitanzi hicho kwenye kulabu, kisha zungushia mkia wa waya shingoni mara mbili au tatu na ubonyeze ncha isikwaruze. Tone lililotobolewa juu kwa ubavu hutaka waya mwembamba wa milimita 0.3 au 0.4: ncha zote mbili zikutane juu ya jiwe, moja iwe kitanzi na nyingine iizungukie. Usivute kwa nguvu hapo, kwa kuwa sehemu iliyotobolewa ndiyo nyembamba zaidi na ndiyo inayopasuka. Kipete kifunguliwe kwa kusukumwa mbele na nyuma, kamwe kisitanuliwe kwa pembeni, la sivyo hakitarudi duara.

Kama unalehemu, maliza moto wote kabla jiwe halijafika mezani. Tanzanaiti na mawe mengine mengi hayastahimili joto la ghafla.

Kupata mtindo unaotambulika

Suzanne Belperron, mbunifu wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1900 na 1983, hakuweka sahihi kwenye vito vyake kwa sababu aliona mtindo wake ulitosha kuwa sahihi, na kweli hadi leo wataalamu hutambua kazi zake kwa umbo. Kwa mbunifu mdogo wa Kigoma njia rahisi zaidi ya kufika huko ni kuchagua umbo moja na kulishikilia kwa muda mrefu huku rangi zikibadilika. Tuseme umbo lako ni matone mawili, dogo juu na kubwa chini, yakiwa yameunganishwa kwa waya uliozungushwa mara tatu. Litengeneze kwa rodolaiti na amethisti, kisha kwa krisopresi na ganeti ya chungwa, kisha kwa akwamarini na jiwe la Longido. Mteja atalitambua umbo, na atarudi kwa ajili ya rangi. Ninaona vijana wengi wakibadilisha umbo kila wiki kwa kufuata picha za mtandaoni, na matokeo yake kazi zao, ambazo nyingi ni nzuri, hazina mwenyewe.

Bei

Hesabu ya bei hukosewa zaidi katika kazi na usafiri kuliko katika mawe. Chukua mfano wa jozi yenye mawe ya shilingi 24,000, ikiwa ni mawe matatu ya 8,000 pamoja na la akiba. Fedha ya kulabu na waya 9,000. Kadi na kiboksi 2,000. Sehemu ya gharama ya kusafirisha mzigo kutoka Arusha 3,000. Na saa moja na nusu ya kazi kwa shilingi 6,000 kwa saa, yaani 9,000. Jumla ni 47,000. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mawe yatakayopasuka na waya utakaoharibika, upate 51,700, kisha faida ya asilimia 30, na bei inakuwa takriban 67,000.

Bei hiyo ni sawa kama unauza mwenyewe. Ukipeleka jozi ileile kwenye duka la hoteli linalochukua asilimia 30 ya bei, na ukaiuza kwa 70,000, wewe utapata 49,000, ambayo ni pungufu ya gharama zako za 51,700. Ili kubaki na faida yako dukani, bei inapaswa kuwa karibu 96,000. Kwa kuwa haipendezi mteja akute hereni zako kwa bei moja mtaani Kibirizi na nyingine hotelini, amua mapema kama utauza kupitia maduka, na kama jibu ni ndiyo, weka bei ya duka kila mahali. Wengine wataona ghali. Wape muundo mdogo wa jiwe moja badala ya kupunguza bei ya ule mkubwa.

Kuuza na kuhudumia

Piga picha kwenye kivuli kilekile unachooanishia mawe, na kila picha ya hereni ifuatane na nyingine ikiwa sikioni mwa mtu, kwa sababu mnunuzi wa mbali hawezi kukadiria ukubwa. Andika milimita na gramu. Wageni wanaopita Kibirizi wakielekea Hifadhi ya Gombe hununua kitu chepesi kisichochukua nafasi mzigoni na chenye maelezo ya kilikotoka. Wafanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo na Burundi hununua kubwa zenye rangi kali. Na maharusi huagiza, kwa hiyo chukua nusu ya malipo kabla ya kugusa jiwe.

Kila jozi iende na kadi yenye jina halisi la jiwe, mahali lilikotoka kama risiti yako inaonyesha, kama limechomwa au halikuchomwa, na aina ya chuma. Mteja akikuambia, "Dada, nipe ile rubi," nawe unajua ni rodolaiti, mjibu palepale: "Ni ganeti, mama, rangi zinakaribiana, bei haziko pamoja." Atainunua mara nyingi zaidi kuliko unavyodhani. Kwenye kadi hiyohiyo mweleze asafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini, asiweke kwenye mashine za kusafishia kwa mtetemo, na manukato na mafuta ya nywele yatangulie kabla ya hereni. Fedha ikifanya weusi ifutwe kwa kitambaa laini na itunzwe kwenye kifuko kilichofungwa, maana weusi huo husababishwa na salfa iliyomo hewani na kwenye jasho.

Matengenezo ya kulabu yawe bure kwa mwaka wa kwanza. Kulabu ni waya wa shilingi chache, na mteja anapoirudisha utaona mwenyewe ni wapi kazi yako inachoka: kama kitanzi kimefunguka, waya haukukakamaa vya kutosha; kama jiwe limekwaruzika, linagongana na jingine na linahitaji nafasi ya milimita moja zaidi. Anayerudi na hereni moja tu, fungua daftari, tafuta namba ya jozi, na umtolee lile jiwe la tatu. Mtoze fedha ya waya na kazi peke yake, kwa kuwa jiwe alikwishalilipia.